Shangazi, mwalimu wetu anaagwa kwa ndafu na nyumba yake haina bati

Tumsifu Yesu Kristo Shangazi,

Naomba usiandike jina langu wala la shule, maana watu wa shule yetu wamejaa kila kona na nikitaja hata rangi ya sweta tu watajua ni sisi.

Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 36, nipo Dar nauza vifaa vya umeme. Nilisoma shule ya bweni ya Kanisa, wavulana watupu, kule nyanda za juu kusini kwenye baridi ya kukata masikio. Kuna mwalimu wetu wa hesabu, nitamwita Mwalimu tu, kwa sababu hata sisi wenyewe tukisema Mwalimu bila kuongeza kitu kila mtu anajua ni yeye na sio wale wengine. Alifika pale 1994 shule ina madarasa mawili na bweni moja ambalo zamani lilikuwa stoo ya kahawa ya mapadre, na mwaka huu anatimiza 60 kwa hiyo anastaafu kwa lazima. Tunamuaga mwisho wa mwezi wa tisa, siku moja na mahafali ya fomu foo, Misa saa tatu halafu sherehe.

Ili unielewe lazima nikwambie ni mtu wa namna gani. Usiku wa kwanza wa fomu wan, mmeshalia mmenyamaza, jenereta imezimwa saa nne, giza totoro, unasikia mlango unafunguliwa na mtu anaanza kuimba polepole. Ni yeye. Anawafundisha wimbo wa shule gizani, mstari kwa mstari, na sababu ya kuwafundisha gizani ni kwamba hakuna anayemuona mwenzake akilia. Aliniambia hivyo nikiwa nimeshakuwa mtu mzima. Halafu ligi ya mabweni, Kizito na Lwanga na Mbaga na wengine, bweni likichukua kombe, Jumapili asubuhi ndo lenyewe linapakua uji kuwapa walioshindwa, na kapteni wa mabingwa ndo anaosha masufuria. Tulichukia sana hiyo sheria, leo ndo kitu cha kwanza tunachosimuliana tukikutana. Hata NECTA, wale wa baraza la mitihani, walipoacha kutangaza zile shule kumi bora Januari 2023 yeye nasikia alifurahi kuliko wote pale ofisini, akasema sasa watu watafundisha.

Na mimi binafsi ananidai. Fomu tree baba alifariki, mama hana kitu, Sista mhasibu akasoma majina ya wadaiwa na langu likiwemo, nikafunga tranka langu nikaanza kuondoka. Mwalimu akanikuta getini akaniambia rudi darasani nimeshaongea na Sista. Basi. Nimekuja kujua nina miaka 29, kutoka kwa yule Sista mwenyewe, kwamba hakuongea chochote, alilipa yeye kwenye mshahara wake mpaka nikamaliza. Nilipomfuata nimshukuru akasema, "Hiyo hesabu nilishaifunga, usiifungue." Sijamwambia mtu yeyote zaidi ya mke wangu.

Sasa tatizo lenyewe. Tuna grupu la WhatsApp la waliosoma pale, tupo 112, mimi ndo mweka hazina. Tumeshachanga 7,850,000 na bajeti ya kamati ni milioni 12. Kuna ndafu wawili, keki ya ghorofa tatu, tisheti za watu wote, MC na muziki kutoka mjini, dron ya kupiga picha, suti ya Mwalimu, na zawadi kubwa ambayo ni seti ya sofa na tivii ya inchi 55. Mwenyekiti wetu yupo Dodoma, mtu mzuri ila akishasema kitu kimesemwa, na adivansi ya MC ameshatoa.

Mwezi uliopita wakanituma nikachukue vipimo vya suti kwa siri maana ni sapraizi. Nikaenda nikijifanya nimepita nasafiri. Nikabeba futi mfukoni. Alipokwenda kuangalia chai nikapima koti lake lililotundikwa kwenye kiti, mabega, mkono, haraka haraka kama mwizi, na futi yenyewe nikaisahau mezani chini ya gazeti, hiyo nimekuja kukumbuka nikiwa kwenye basi. Mvua ikaanza ya ghafla, tukakaa. Nikamuuliza tu kwa kuchangamsha, "Mwalimu mnahamia nyumbani Mbinga lini?" Akanyamaza. Halafu akaniambia. Nyumba hana. Ana boma, alilifikisha kwenye rinta mwaka 2014 likasimama hapo hapo, akawa anasomesha watoto wa marehemu kaka yake, wanne. Kota ya shule anatakiwa arudishe funguo tarehe 31 Desemba. Na NSSF, mfuko wa pensheni, ile miaka ya mwanzo mpaka 2003 michango yake haikupelekwa, ipo kuanzia 2004. Mama, mke wa Mwalimu, alikuwepo pale anachambua mboga, hakusema neno hata moja.

Akanishika mkono akasema, "Usimwambie mtu, na hasa wale vijana wako wa kwenye grupu. Nataka waniage nikiwa mwalimu wao, wasiniage kama omba omba." Nikamuahidi. Mvua ilipokatika akanisindikiza mpaka barabarani, tukaongea mpira, akaniuliza bati siku hizi bei gani huko mjini, nikamtajia, nikapanda basi.

Shangazi tangu siku hiyo silali. Nimempigia fundi wa kule akaniambia kupaua lile boma, kenchi na bati sabini za geji 28, ni kama milioni nne na nusu. Hela ipo kwenye simu yangu! Tunaenda kumnunulia sofa mtu ambaye hana pa kuziweka. Nikisema, nimevunja ahadi, na kwenye grupu kuna wenzetu wawili ni walimu pale pale shuleni, skrinshoti itamfikia kabla sijaweka simu mezani. Nisiposema, nitakaa pale mbele nimevaa tisheti nakula ndafu huku najua. Nimejaribu kusema kwenye grupu jamani tupunguze sherehe, wakaniuliza kwa nini, nikashindwa kujibu, sasa kuna mmoja ameanza maneno kwamba mweka hazina anachelewesha malipo labda hela ameshazigusa. Ijumaa ijayo natakiwa nilipe sofa. Mke wangu anasema sema tu, Mungu anaona moyo. Mimi sijui.

Nifanye nini?

Mweka hazina asiyelala

* * *

Milele amina mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa ajili ya yule Mama anayechambua mboga, lakini nitamfikia. Kwanza niseme nilivyokuelewa. Umebeba vitu viwili alivyokupa mtu mmoja: neno alilokuambia usiseme, na ada aliyokulipia ambayo nayo alikukataza usiiseme. Halafu kuna watu 111 wanaompenda kama wewe, wanaandaa furaha yao kwa moyo mweupe kabisa, na wewe peke yako ndo unajua kwamba sofa na boma havijawahi kukaa pamoja. Na simu inayoshika hela ni ya kwako. Hapo hata mimi nisingelala.

Ila naomba nikuulize vitu kadhaa, sio kukusuta, ni kwa sababu ukikosa usingizi hesabu zinaanza kugoma.

La kwanza. Unaandika kama vile Mwalimu anaenda kulala chini ya mwembe. Hebu tukae tupige hesabu kama alivyokufundisha. Kama michango ya NSSF ilianza kwenda 2004 na haijakatika, hiyo ni zaidi ya miaka 20, na ili mtu alipwe pensheni ya kila mwezi anatakiwa awe na michango ya miezi 180 ambayo ni miaka 15. Maana yake atapata mkupuo na atapata pensheni. Ni kidogo kuliko haki yake kwa sababu kuna miaka kumi hivi haipo, na hilo ni jambo zito ambalo NSSF wenyewe wanaweza kulifuatilia kwa mwajiri kama mwanachama akilipeleka na hati zake za mshahara, ingawa naelewa kabisa mzee aliyeikuta shule ina madarasa mawili kwa nini mpaka leo hajalipeleka. Lakini sio omba omba. Yeye mwenyewe alikwambia hataki kuonekana hivyo, na wewe bila kujua umeanza kumuona hivyo, umeshampigia mpaka fundi.

Kwa hiyo shida yake mimi naiona ni ya kalenda. Kota anarudisha tarehe 31 Desemba. Mkupuo hauwezi kutoka kabla hajastaafu, na mpaka makaratasi yapite mikono yote, hata mambo yakienda vizuri, tayari ni mwaka mwingine. Na kule kwenu, wewe ni wa kule unajua, hiyo mvua ya ghafla iliyowakuta ilikuwa ya kupita tu, mvua zenyewe zinaanza kuja kwenye Novemba na zikishaanza ni mpaka Aprili. Boma lisilopauliwa kabla ya hapo linakaa kwenye maji msimu mwingine. Hicho ndo kipande ambacho hakisubiri, na ndo maana sikwambii "subiri tu" ingawa kusubiri nako kupo na nitakugusia.

La pili, na hili limenifanya niweke kikombe chini. Umeandika kwa kupita kabisa, katikati ya mpira na basi, kwamba alikuuliza bati bei gani huko mjini. Ukamtajia bei. Ukapanda basi. Mwanangu! Mtu mzima wa kizazi hicho, mwalimu, Mmatengo au yeyote awaye, hasemi naomba bati. Anauliza bei. Sasa sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Inawezekana aliuliza kwa sababu ana akiba yake mahali anapanga mwenyewe, na inawezekana aliuliza tu kama watu wanavyouliza bei ya sukari. Lakini mtu yule yule aliyesema usimwambie mtu alikuwa ameshamwambia mtu, na katika vijana 112 alikuchagua wewe. Wewe ambaye yeye anajua, hata kama alisema hesabu imefungwa, kwamba unajua nani alilipa ile ada. Alikuwa anakufungia mlango au alikuwa anakuonyesha ulipo? Mimi sijui. Na wewe hujui. Anayejua ni mmoja.

Ahadi yenyewe pia tuitazame. Umeibeba kama siri ya maungamo, na wewe hukuwa umevaa stola. Alitaja vitu viwili: usimwambie mtu, na hasa wale wa kwenye grupu. Halafu akasema sababu, kwamba anataka kuagwa akiwa mwalimu wao. Moyo wa ile ahadi uko kwenye sababu. Yupo mtu atakayekwambia maneno ni maneno, alisema mtu, na mtu ni mtu, na sitagombana naye, kuna watu wameishi vizuri kwa kushika maneno kama yalivyotoka. Wewe unamjua Mwalimu, mimi namjua kwa barua. Je, yeye ni wa maneno au wa sababu?

Kuhusu sherehe nayo. Nimeona unaiandika kwa hasira kidogo, ghorofa tatu za keki, dron. Nakuelewa. Lakini usiidharau haraka. Baba yangu alikuwa mwalimu wa misheni, na alipostaafu alipewa saa za ukutani. Tatu. Moja na shule, moja na kwaya, moja na wazazi. Mama akazitundika zote, zilikuwa zinapishana dakika, akawa anamuuliza baba, "Leo tunakula kwa saa ya nani?" Sisi watoto tuliona ni zawadi ya kijinga, nyumba ile ilikuwa inahitaji vitu vingine kabisa. Lakini alipokuwa mgonjwa mwishoni, saa ya kwaya ndo aliyotaka iwekwe mbele ya kitanda, na akawa anataja jina moja moja la walioileta. Sasa sofa sio saa, sawa, na milioni mbili na kitu sio mchezo. Nachosema ni kwamba wale fomu foo watakaokuwa wamekaa kwenye mabenchi siku hiyo hawajawahi kumuona mtu mzima na kitambi chake, mwenye gari, akisimama kuimba wimbo aliofundishwa gizani. Hicho kitu Mwalimu amekijenga miaka thelathini na siku hiyo ndo atakiona kimesimama mbele yake kwa miguu. Yeye mwenyewe alikwambia anachotaka: kuagwa kama mwalimu. Kati ya bati na hilo, ungemuuliza, una uhakika angechagua bati?

Haya, njia. Naziona kadhaa na kila moja ina mwiba wake.

Ipo ya kurudi kwake. Kumwambia wazi, Mwalimu yale uliyonipa yamenizidi uzito, naomba uniruhusu nimwambie mtu mmoja, au niruhusu nibadilishe zawadi moja bila kusema kwa nini. Uzuri wake ni kwamba inamrudishia yeye usukani. Ubaya wake ni kwamba anaweza akasema hapana, na hiyo hapana ya pili itakufunga kuliko ya kwanza, hutaweza tena kujidanganya kwamba hukuelewa. Na sapraizi itakufa, ingawa hiyo, kwa maoni yangu, ilikufa zamani.

Ipo ya Mama. Umesema alikuwepo na hakusema neno. Nyumba ile sio ya Mwalimu peke yake, na yeye ndo atakayebeba mabeseni mvua ikianza. Mke wa mwalimu akinyamaza wakati mumewe anatoa siri kwa mgeni, kunyamaza huko kuna uzito wake. Anaweza akawa anajua vitu ambavyo wewe na mimi hatuvijui, kwamba kuna pesa mahali, au kuna mtoto mmoja kati ya wale wanne ameshaanza kazi na anajipanga. Lakini ukimfuata yeye pembeni umepita mlango wa nyuma kwa mzee wako, na kama yeye hapendi hivyo unawaachia mgogoro ndani ya nyumba ambayo bado haijahama.

Ipo ya kubadilisha zawadi bila kutoa sababu. Wewe ni mweka hazina, unaweza kusimama ukasema jamani, mtu anayehama hapewi sofa, anapewa bahasha achague mwenyewe. Hiyo ni hoja ya kweli, sio uongo, hata kama usingejua chochote kuhusu boma ungeweza kuisema, kusafirisha sofa mpaka kijijini Mbinga ni bajeti nyingine. Nashangaa kidogo kwamba ulipojaribu ulianza na "tupunguze sherehe", kumnyang'anya mtu ndafu wake ni vita, kumbadilishia sofa kuwa bahasha ni mazungumzo. Hatari ni kwamba huyo mwenye maneno atasema si unaona, anataka hela taslimu. Hapo dawa ni kuweka taarifa ya miamala yote kwenye grupu kabla hujafungua mdomo, kila ahadi na kila senti, na kuomba watu wawili wengine wawe washika bahasha. Fanya hilo hata kama hutafanya lingine lolote, mwanangu, jina lako nalo lina thamani. Hatari nyingine: bahasha ni bahasha. Anaweza akaipokea akalipa ada ya mtoto wa marehemu kaka yake, ndivyo alivyo, na boma likabaki vile vile. Utaweza kulikubali hilo? Kama jibu ni hapana basi unachotaka kumpa ni bati na masharti yake, na hiyo ni zawadi ya aina nyingine.

Ipo ya wachache. Sio grupu, watu watano sita, kimya kimya, mnapaua baada ya sherehe, kabla ya Novemba. Lakini hao sita utawaambia nini bila kuvunja neno? Hapa nina swali ambalo limenisumbua tangu mara ya kwanza niliposoma. Unadhani ni wewe peke yako aliyelipiwa ada? Mtu aliyelipa mara moja kwenye mshahara wa shule ya Kanisa na kusema hesabu imefungwa, mimi ningeshangaa sana kama hiyo hesabu ilikuwa na jina moja. Huenda kwenye hao 112 kuna kumi na tano kila mmoja amekaa na siri yake kama wewe, kila mmoja anajiona ndo mdaiwa peke yake. Ile siri ya ada, tofauti na ya boma, nusu yake ni ya kwako. Ukisimama ukaandika kwenye grupu, mimi mwalimu alinilipia fomu tree nikiwa nimeshafunga tranka, sijui nini kitafuata. Pengine kimya. Pengine voisnoti za watu wazima wanalia saa sita usiku. Na watu wakishakumbuka walichopewa, mara nyingi wenyewe wanaanza kuuliza, hivi mzee anahamia wapi? Swali likitoka kwao hukulisema wewe. Lakini usiniambie kwamba hapo hukucheza karata. Umecheza. Na yeye alikukataza kuifungua hiyo hesabu pia, kwa hiyo akisoma ile skrinshoti anaweza akaumia, au akacheka, na ukaambiwa ukaoshe masufuria.

Na ipo ya kuacha kila kitu kiende kilivyopangwa, ulipe sofa Ijumaa, umpe siku yake, halafu Oktoba uende wewe kama wewe na nauli yako na akiba yako uone kinachowezekana. Au uone kama padre mkuu anaweza kumwachia kota miezi mitatu minne mpaka mkupuo utoke, maana huenda mzee hajawahi hata kuomba, watu wa namna hiyo kuomba siku kumi tu ni kazi. Ila padre naye ni mtu, ukimwambia umemwambia. Na njia hii ina gharama moja usiyoitaja: utakaa ile siku nzima ukila ndafu na siri mdomoni, na Mwalimu atakuona. Aliwafundisha gizani, uso wako anausoma.

Mke wako anasema Mungu anaona moyo. Ni kweli anauona. Basi na mimi naomba uutazame, kidogo tu, usiku mmoja kabla ya Ijumaa. Katika kukosa usingizi kwako kiasi gani ni boma la Mwalimu na kiasi gani ni lile tranka lako pale getini? Sio dhambi kutaka kulipa. Lakini kuna haraka ya kumsaidia mtu na kuna haraka ya kujitua mzigo wetu, na zikivaa nguo moja hazitofautishiki kirahisi. Nakumbusha pia kwamba kwenye shule yenu anayeshinda ndo anapakua uji. Sasa siku hiyo mwisho wa Septemba aliyeshinda ni nani, na anayepakuliwa ni nani? Mimi nilijaribu kulijibu nikakuta kila nikibadilisha majina linakubali.

Kuhusu huyo muuza sofa, mpigie umuombe wiki moja zaidi, wafanyabiashara mnajuana, nawe ni mmoja wao.

Na kuhusu safari ya kwenda kwake kama utaamua kwenda, usihangaike kutafuta sababu ya kubisha hodi. Ile futi uliyoisahau chini ya gazeti ameshaiona siku nyingi. Pengine ameikunja ameiweka juu ya kabati anakusubiri uifuate.